Punda, wikio na ndovu: barua ya wazi kwa wanaotuchorea reli ya Lamu

Kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi. Kwa wakuu wa Mamlaka ya LAPSSET (ushoroba wa uchukuzi wa bandari ya Lamu, Sudan Kusini na Ethiopia), Shirika la Reli, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na NEMA, mamlaka ya mazingira. Na kwa Gavana wetu wa Lamu.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa juu ya dungu, shambani kwangu Hindi. Mahindi yamebeba, na huu ni usiku wa nne nyati wamejilaza nyuma ya ua wa miba wakingoja nisinzie. Nina tochi, debe la kupiga, na simu ambayo chaji yake inakaribia kwisha, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe.

Kwanza mnijue. Mimi si mtu wa mashirika ya mazingira, wala sina picha ya ndovu ukutani. Mjomba wangu alipigwa pembe na nyati akienda kuteka maji, na mpaka anazikwa alikuwa akiburura mguu wa kushoto. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema anayejeruhiwa hulipwa fidia. Faili lake lilizunguka katika ofisi nisiyotaka kuitaja, likazunguka tena, na sasa anayelidai amekufa. Basi nikisema wanyama waachiwe njia ya kuvuka reli yenu, nasema kama mkulima. Mnyama aliyezibiwa njia yake hapotei duniani. Huzunguka, na akizunguka hufika kwangu.

Reli tumeambiwa inakuja tangu tarehe 2 Machi 2012, siku Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walipofika Magogoni, penye bandari, kuuzindua mradi huu. Bandari imekuja: gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na sasa magati ni matatu. Barabara ya kwenda Garissa kupitia Ijara inajengwa. Reli bado. Barazani kwetu watu huifanyia mzaha, mtoto akichelewa kurudi dukani huulizwa kama alipanda treni ya LAPSSET. Mimi kuchelewa huko naona ni bahati. Tuta halijamwagwa, kwa hiyo kosa nalo halijafanyika.

Kosa gani? Niliwahi kuwa kibarua kwenye SGR, reli mpya ya Mombasa kwenda Nairobi, upande wa Voi, mwaka 2015 na sehemu ya 2016. Kazi yangu ilikuwa kushika fito ya wapimaji. Unasimama juani, mtu anachungulia kwenye kidubwasha chake mita mia mbili huko, anakupungia mkono, unahamia pengine. Kazi haina maarifa, lakini inakupa nafasi ya kutazama. Reli ile inapita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, mbuga mbili zinazopita kilomita za mraba 22,000 zikijumlishwa. Mbili ni kwenye ramani. Kwa ndovu ilikuwa moja.

Tuta lilipopanda, asubuhi tulikuwa tukikuta nyayo za kundi zima zimekuja moja kwa moja mpaka chini yake. Hapo zimesimama. Udongo mpya umechakurwa chakurwa, kinyesi kimejaa, dalili ya kwamba walikaa sana wakifikiri. Kisha nyayo zimegeuka na kulifuata tuta, kilomita na kilomita, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Siku nyingine zilirudi zilikotoka. Milango ilikuwepo, nasema haki: vivuko sita vya wanyama vilichorwa chini ya reli ile makusudi, mbali na madaraja ya mito na makalavati makubwa. Lakini ndovu hakushirikishwa kwenye mchoro.

Machi 2016, KWS na shirika la kulinda ndovu la Save the Elephants waliwavisha ndovu kumi wa Tsavo kola zinazotuma habari za mahali walipo kupitia setilaiti. Ikaonekana kwamba ndovu wanavuka kweli, na wanapenda kuvuka usiku, watu na malori yakipungua. Habari njema. Ila itazameni hiyo tarehe. Mwezi ule mimi nilikuwa nimeshashika fito kwenye tuta lililosimama. Kola zile zilitakiwa zivaliwe miaka miwili kabla, ili nyayo ndizo ziuchore mlango. Tulichofanya ni kutoboa mlango kwanza, halafu tukawafuata wenye nyumba kuona kama wataugundua.

Sasa niruhusuni nikieleze kivuko kwa lugha ya Amu, mji wetu wa Lamu, maana hata hilo neno ushoroba mliloupa mradi wenu ni letu. Ushoroba ni kile kinjia chembamba kati ya nyumba mbili za mawe. Na juu ya baadhi ya njia zetu kuna wikio: chumba kilichojengwa kikavuka njia hewani, kikaunganisha nyumba na nyumba, ili wanawake wa huku waende kule bila kushuka mtaani. Juu mnapita watu, chini wanapita punda. Waheshimiwa, hicho ndicho kivuko cha chini. Tumekuwa nacho kwa mamia ya miaka, na yeyote aliyewahi kuswaga punda Lamu anajua masharti yake.

Punda mwenyeji hupita chini ya wikio na shehena yake ya mawe bila hata kusimamisha sikio. Mlete punda mgeni aliyetoka Mokowe jana. Akifika kwenye kile kiza, hugoma. Anataka kuuona mwanga wa upande wa pili. Kama njia inapinda na mwanga hauonekani, umpige usimpige, haendi. Kukiwa na mtu anayetwanga huko juu, haendi. Kukiwa na mama anayekaanga viazi upande wa kutokea, na watoto wamemzunguka, haendi. Halafu siku moja anawafuata punda wenzake, anapita, na tangu hapo humkumbushi tena.

Wahandisi wana hesabu ya jambo hilo hilo. Wanachukua upana wa kivuko, wanazidisha kwa kimo chake, kisha wanagawanya kwa urefu wa pango ambalo mnyama atalitembea. Jibu likiwa kubwa, mnyama anaona mbingu mbele yake. Likiwa dogo, mmemjengea bomba. Kalavati la maji si kivuko kwa sababu tu paka-mwitu amepigwa picha akitoka ndani yake. Na kila mnyama ana hesabu yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wazee, lakini hawakumwambia twiga. Dume lina mita tano na ushei, na haliinami kumridhisha mkandarasi.

Hapa nataka nikae kidogo kwa hirola. Huyu ni swala wa rangi ya mchanga mwenye alama nyeupe zinazozunguka macho kama miwani, na ndugu zetu Wasomali wa Ijara humwita arawla. Sensa ya wanyamapori ya 2021 iliwahesabu 497 nchini, nchi hiyo hiyo iliyohesabiwa ndovu 36,280. Wengi wa waliosalia wako Garissa, mashariki ya mto Tana, na kule Ishaqbini wenyeji waliwawekea hifadhi yenye uzio mwaka 2012 ili wapate kuzaana bila kuliwa. Hirola ni mnyama wa uwanda. Silaha yake ni macho: asimame mahali peupe, amwone simba au duma kabla hajaonwa. Mnyama wa namna hiyo mtamshawishi vipi aingie chini ya zege, kwenye kivuli, mahali ambapo chui ndipo angejificha? Kwake yeye kivuko cha chini cha kawaida hakitoshi. Itabidi reli ipande darajani, daraja refu lenye miguu myembamba, uwanda upite chini yake bila kukatika. Mkiniambia hilo ni ghali, nitawakumbusha kwamba mlipoipeleka SGR Naivasha mliipitisha juu ya Mbuga ya Nairobi kwa daraja la kilomita sita hivi. Mlipotaka mliweza. Sisi hatuombi kilomita sita. Njia nyingi za wanyama huku hufuata mikondo ya maji ya msimu, na kwenye mikondo hiyo madaraja mtayajenga mpende msipende, ama sivyo masika ya kwanza yataizoa reli yenu. Yarefusheni tu yazipite kingo, abaki mnyama na ardhi kavu ya kukanyaga hata mvua ikinyesha.

Naomba sasa mnisikilize kuhusu jambo ambalo sijasikia likisemwa katika mikutano. Ushoroba wa LAPSSET, kwa michoro yenu wenyewe, ni ukanda wa mita 500. Ndani yake kuna barabara kuu, reli, bomba la mafuta na nguzo za umeme, vyote sambamba. Barabara ina mkandarasi wake na mwaka wake. Reli itakuwa na mwingine. Bomba litakuja siku yake. Kila mmoja ataandikiwa ripoti yake ya mazingira, na kila ripoti itasema kuna vivuko. Nani atahakikisha vivuko hivyo vinatazamana? Tsavo jibu nililiona kwa macho. Ndovu anapita chini ya SGR, vizuri kabisa, anatokea, na mbele yake ipo reli ya zamani ya Mwingereza, na mbele ya hiyo ipo barabara ya Mombasa ambayo malori hayalali. Amevuka mlango mmoja akakuta ukuta wa pili. Mwambieni huyo arudi nyumbani awasimulie wenzake kwamba kivuko kinafaa.

Barabara ya Garissa inajengwa sasa. Pale ambapo njia ya wanyama inaikata, kivuko kiwekwe sasa, na sehemu ya reli iliyo mkabala nayo ipigwe alama kwenye ramani kwamba hapa hapatamwagwa tuta, hapa ni daraja. Mkisubiri mpaka reli ipate fedha, mtakuta barabara imeshawaamulia.

Na mdomo wa kivuko je? Kuanzia 2012 ardhi ya Lamu imekuwa kama mkate wa mofa uliotoka jikoni, kila mwenye mkono ananyoosha. Mnakumbuka mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufuta hati za ekari 500,000 zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22. Huo ndio ukubwa wa tamaa tunayoizungumzia. Mkijenga kivuko cha mamilioni leo, kesho mtu atakuja na hati ya ploti mita hamsini kutoka mdomoni mwake, atajenga kibanda cha chai kwa ajili ya madereva, atafunga mbwa, na hapo mmemaliza. Kivuko cha Mlima Kenya, chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, kilifunguliwa mwanzoni mwa 2011, na ndovu dume waliyemwita Tony akapita mapema mno kuliko walivyotarajia. Watu husifu lile pango. Pango lilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Kubwa ilikuwa njia ya kilomita kama 14 iliyotengwa kwenye ardhi yenye wenyewe, ikawekewa uzio pande mbili, kutoka msitu wa mlimani mpaka msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa. Bila makubaliano yale ya ardhi, Tony angetokea kwenye shamba la ngano.

Kwa hiyo kabla ya saruji tunataka hati. Ardhi ya pande zote mbili za kila kivuko iandikishwe kwa jina la umma au la jamii inayoishi hapo, na jamii hiyo ilipwe kitu kila mwaka kwa kuilinda, si bakuli la pilau siku ya uzinduzi.

Nani anajua njia zenyewe ziko wapi? Tazameni ramani. Mashariki ya mstari wenu kuna msitu wa Boni na Dodori. Magharibi kuna Tana na delta yake. Mvua ikinyesha, nyamera, pundamilia, nyati na ndovu wachache waliobaki hutawanyika bara. Kiangazi kikikaza, wanaoweza huteremka kutafuta maji ya mto na maziwa. Mstari wa Lamu kwenda Garissa unapita baina ya nyasi na maji. Hata Ziwa Kenyatta pale Mpeketoni, ambalo viboko wake tumewaona wakifia kwenye tope ukame ulipozidi, linatufundisha kwamba mnyama asiyeweza kuhama hana akiba nyingine.

Wanaozijua njia hizo kwa unyayo ni Waaweer. Ni watu wa msituni, wafuata asali, waliokuwa wawindaji mpaka Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Miaka hiyo hiyo kulikuwa na ujangili uliopunguza ndovu wa Kenya kutoka 167,000 hivi mwaka 1973 hadi wapatao 16,000 mwaka 1989, na kila mtu akamtazama Mwaaweer kana kwamba ndiye aliyebeba bunduki. Tangu operesheni ya usalama ya msitu wa Boni ianze 2015, kuingia msituni kwao kumekuwa kwa wasiwasi. Matokeo yake, vijana wao hawapiti zile njia wala hawafundishwi majina yake, na wazee wanaozijua wanapungua. Mzee mmoja wa Basuba aliwahi kuniambia njia ya ndovu haipotei hata miaka ishirini ikikosa kupitwa, kwa sababu miti iliyo kando yake imesuguliwa matope mpaka ikalainika kama nguzo za mskitini. Nendeni mkaipapase hiyo miti kabla hamjachora chochote.

Msituambie hakuna haja kwa kuwa wataalamu wapo. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilisema wazi kwamba wavuvi wa Lamu hawakushirikishwa ipasavyo katika mradi wa bandari, ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wavuvi waliambiwa baada ya bahari kuchimbwa. Njia ile ile ikirudiwa nchi kavu, kesi itakuwa ile ile, ila ndovu na hirola hawana wakili.

Nimesikia pia hoja kwamba mnyama atazoea, kila kitu huzoeleka. Baadhi huzoea. Banff, huko Kanada, kuna vivuko 44 vya juu na chini kwenye barabara kuu, na ajali za wanyama zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80, ingawa dubu walichukua miaka kadhaa kuviamini. Wengine hawazoei kamwe: reli inayoikata Mongolia iliwekewa uzio pande mbili tangu miaka ya 1950, na swala na punda-mwitu wa huko mpaka juzi walikuwa bado wanaishia kwenye waya. Na wengine huzoea vibaya. Novemba 2013, katika msitu wa Chapramari nchini India, treni ya abiria iliingia katikati ya kundi la ndovu waliokuwa wakivuka reli, ikaua saba, ndama wawili wakiwemo. Reli iliyokuwepo wameizoea, ratiba hawakuisoma. Treni za mizigo zitakazotoka Lamu usiku zipangiwe mwendo mdogo kwenye sehemu za misitu tangu siku ya kwanza, kwa sababu dereva akishazoea mwendo wa kasi hakuna waraka utakaomshika mkono.

Wenzangu wa Malindi wakisoma haya watanielewa haraka. Wana msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, na ndovu wake wako ndani ya uzio wa umeme. Mashamba yamepumzika, sibishi. Lakini wazee wa pale husimulia ndovu waliokuwa wakielekea mto Galana msimu ukibadilika, na vijana wanawasikiliza kama wanaosimuliwa habari za mashua zilizokuwa zikienda Basra.

Sina nia ya kuizuia reli. Mwanangu anasoma mambo ya umeme Mombasa na ningependa apate kazi huku kwao. Ninachoomba hakizidi kurasa mbili: ramani ya mstari wa reli iwekwe hadharani Amu, Hindi, Bodhei na Ijara, si kwenye tovuti, bali imetundikwa ukutani watu waiguse, juu yake zichorwe njia za wanyama, zile ambazo serikali yenyewe ilizikusanya katika ripoti ya shoroba ya mwaka 2017 pamoja na zile zilizo vichwani mwa wazee, wanyama wa huku wavishwe kola sasa, misimu miwili au mitatu kamili kabla ya tingatinga la kwanza, na mwenye kujenga barabara, reli na bomba wakalishwe meza moja mpaka vivuko vyao vitazamane.

Njooni wenyewe mwezi wa Februari, kiangazi kikiwa kikali na nyasi zimelala. Mtafika Mokowe kwa gari, tutawapokea. Kutoka Hindi tutatembea na wazee wawili, nusu siku tu, mpaka mahali ambapo mstari wenu unaikata njia moja ambayo naijua mimi. Vaeni viatu vya kufunga, kuna miba. Mje na yule mchoraji, na fito yake; nitaishika mimi.

Naona upande wa mgomba kuna kitu kimetikisika. Wacha nipige debe.

Wenu,
Mkulima wa mahindi na simsim,
Hindi, Lamu